Mwangwi Tulioukata Wenyewe

Mpendwa Bibi Petrine wa safu ya ushauri,

Nina miaka themanini na moja, nimezika wake wawili, meli mbili za moshi na madaktari wanne walionikataza tumbaku, kwa hiyo usinijibu kama mtoto, ila msaada nauomba. Nilitoka Norwe na shoka moja tu, leo familia yangu inakata magogo na kubeba abiria kwa meli yetu wenyewe, na ghuba nzima hakuna nahodha wa kunishinda kwenye ukungu, maana ukungu hautazamwi, unasikilizwa: napiga honi, nahesabu, mwangwi ukirudi kutoka misonobari ya rasi najua nilipo, na kahawa haimwagiki.

Sasa msimu huu tukaikata ile misonobari ya rasi, niliamuru mwenyewe, miti minono mno. Jumanne ukungu ukashuka, nikapiga honi, kimya, nikasema basi tuko mbali na nchi kavu, ongezeni kuni! Binti yangu Torborg akapiga kelele, "Baba, rudi nyuma, nasikia harufu ya jiko letu!" Nikamwambia, "Nyamaza, pua haina cheti cha unahodha." Meli ikapanda tope ikakwama mbele ya nyumba yangu, abiria kumi na mmoja wakashuka wakaninywea kahawa mpaka maji yakajaa. Sasa Torborg anataka usukani, nisipompa anahamia meli ya wengine. Nahodha mwanamke! Gati zima litacheka. Nifanyeje? Ukidhani natia chumvi, muulize Eivind mchochea moto, alikuwepo.

Halvor Stordal

Mzee Halvor,

Pole kwa tope, na hongera kwa kutozamisha mtu. Lakini mwangwi umeukata kwa shoka lako mwenyewe, sasa unamnunia binti?

Eivind nimemwandikia, kama ulivyotaka. Anasema yote ni kweli, ila umeruka kipande kimoja: maji yalipojaa, wewe ulikuwa bado jikoni ukiwasimulia abiria ushujaa wako, na aliyeifikisha meli gatini, katika ukungu uleule, ni Torborg. Alipiga honi akasikiliza mbwa wa majirani wakibweka, nyumba hadi nyumba. Na kusikiliza alifundishwa na nani kama si wewe, mbishi mkubwa?

Jumatatu mkabidhi usukani, mbele ya gati zima, wacheke wakimaliza wapande. Wewe shika honi. Kisha panda misonobari upya pale rasini. Itachukua miaka arobaini kuanza kuijibu honi. Kwa ubishi ulio nao, Mzee, huenda ukaisikia.