Mdogo Wangu Anauliza Nimemficha Wapi Mkewe

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, naomba unisaidie kwa sababu nimefika mahali hata kichana nakiona kizito, mimi ni msusi, nina kiti changu katika saluni ya watu, na usidhani nakuletea kesi ya mume, mume wangu ni mtu wa amani, kesi yangu ni mdogo wangu wa kiume, yule niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, ambaye mtaa mzima unamwita Mpole kwa sababu hajawahi kugombana na mtu yeyote isipokuwa mkewe.

Wifi yangu alikuja saluni asubuhi moja na binti yake mdogo, akasema hataki kusuka, anataka kuoshwa kichwa tu, nikamlaza kwenye sinki, na nilipoingiza vidole nikakuta mahali nywele hazipo, zimeng'olewa, na pembeni kidonda chenye damu iliyoganda, nikautoa mkono haraka, naye macho kayafumba akaniambia, "Endelea tu wifi, maji ya moto yananisaidia," na yule mtoto akanielekeza kama anayenionyesha njia ya dukani, "Shangazi, usiguse upande huo, ndipo baba huwa anashika."

Sikumaliza kuosha, nilimfunga taulo tukaenda dawati la jinsia pale polisi, kutoka hapo hospitali, na kutoka hospitali afisa wa ustawi wa jamii akawapeleka nyumba salama, wanakokaa wanawake na watoto wao na mlangoni hakuna kibao, mimi nikapafahamu kwa sababu mtoto aling'ang'ania sketi yangu mpaka ikabidi niende nao.

Tangu hapo sina raha, mama haniiti tena mwanangu, ananiambia, "Umebomoa nyumba ya mdogo wako, unadhani yako itasimama?" na baba mdogo ameitisha vikao akisema mambo ya chumbani yanamalizwa sebuleni, hayapelekwi polisi, na Mpole mwenyewe anakuja saluni kila siku, anakaa kwenye benchi la wateja, hapandishi sauti, analia tu, amekonda, mpaka mteja mmoja nikiwa namsuka akanigeukia, "Dada, una roho ngumu kama jiwe la kusagia," na Mpole ananiuliza mtoto anasoma shule gani siku hizi, sare yake rangi gani, nani anamvusha barabara, nami moyo unaniuma, nasema huyu ni baba amemkumbuka mwanawe, halafu ananiambia, "Dada, nionyeshe mlango tu, sitaingia."

Na wifi naye akinipigia simu, badala ya kunieleza habari zake ananiuliza, "Anakula? Nani anamfulia?" nami sijui nani namlinda na nani namtesa, na sasa mama ameshikwa na presha, amelala, anasema anataka kumwona mjukuu wake kabla hajafumba macho, na Jumapili kuna kikao, nikiendelea kunyamaza nihesabu kwamba sina kwetu. Mshauri, nimechoka. Nimpeleke mlangoni yaishe, au nikae kimya nije kuzikwa na watu baki?

Msusi

JIBU

Mwanangu, barua yako haikungoja zamu. Nilipofika penye sare ya shule nilivua miwani nikakupigia, na unakumbuka ulivyonijia juu: "Mshauri, huyo ni baba yake!" Nikakuuliza swali moja, ambalo nalirudia hapa ili na wengine walisikie: siku zote alizokaa kwenye benchi lako, amewahi kukuuliza kama kile kidonda kimepona?

Anayejuta huuliza hali. Huyu wako anauliza njia.

Ulifanya vyema kumpigia yule afisa siku ileile, ingawa ulilia ukipiga. Kumbe mlinzi wa shule moja alikuwa ameshamfukuza mwanaume aliyesimama getini akiulizia wanafunzi wapya. Wifi yako na mwanawe walihamishwa kabla jua halijazama, na ndiyo maana leo naweza kuyachapisha haya, tena nimegeuza mambo madogomadogo. Hata wewe hujui waliko sasa. Usitafute kujua.

Sasa nikugombeze kidogo. Unaniambia umebomoa nyumba, umeikariri kauli ya mama yako kama sala. Nyumba ambayo mtoto anajua baba hushika nywele upande gani ilikuwa imeshaanguka, wewe ulitoa watu kwenye kifusi. Na huyo baba mdogo mwenye sebule ya kumalizia mambo, sebule hiyo alikuwa nayo miaka yote. Aliwahi kumwita Mpole akae pale aulizwe? Basi asikusumbue.

Mama yako namwonea huruma, naye ni mzazi, amekwama kati ya mtoto na mjukuu. Presha si mchezo, mpelekeni hospitali akatibiwe, lakini dawa yake haiko kwenye anwani ya mtu. Akitaka kumwona mjukuu, afisa wa ustawi anaweza kuwakutanisha ofisini kwake, wifi yako akiridhia, na Mpole asiwepo. Mpole naye kama anamtaka mwanawe, mahakama iko wazi, aende na mguu wake. Na kama kweli anataka kubadilika, ustawi watamwelekeza kwa washauri wanaokaa na wanaume wanaopiga wake zao. Aanze huko, na asikimbie baada ya wiki mbili. Machozi ya kwenye benchi nimeyasoma kwenye barua nyingi mno, mwanangu, na nyingine kati ya hizo ziliandikwa na ndugu waliokubali kuuonyesha mlango.

Wifi akikuuliza kama anakula, usimkaripie. Mapenzi hayazimwi kama taa. Mjibu, "Anakula," kisha umuulize yeye amekula nini. Wengi huondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Naye akirudi usimnunie wala usimwambie yamkute, maana siku akitaka kutoka tena atahitaji mtu wa kumfungulia.

Mwenye saluni mweleze leo. Benchi ni la wateja. Mdogo wako akija, toka nje umsalimie palepale watu wanapopita, umwambie unampenda na humsaidii katika hili. Akikutisha, hata kwa sauti ya upole, rudi dawati la jinsia, njia unaijua.

Jumapili usiende kikaoni. Umesema mumeo ni mtu wa amani, basi amani hiyo aifanyie kazi: aende yeye, awaambie umeshasema yote uliyokuwa nayo, anywe chai yao arudi. Wewe zima simu, funga pazia, ulale mpaka ushibe usingizi.