Leo nimelala chali

Baba Anitha, mume wangu,

Huku Sumbawanga baridi inang'ata, ila nimepona. Kizunguzungu changu hakikuwa presha. Chumvi uliyoninyima mwezi mzima nimeshaanza kuifidia kwa ugali wa ulezi na maharage ya hapa kwa dada.

Daktari, binti wa Kifipa mwenye mikono ya baridi, aliniuliza kizunguzungu kinaanza nikifanya nini. Nikamwambia ni nikigeukia kulia kitandani, au nikiinuka baada ya kuinama kuanika dagaa. Akanigeuza uso kulia, akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia nje ya kitanda. Dari ikazunguka, nikamng'ang'ania koti. Yeye anayachunguza macho yangu tu.

"Yanacheza, mama. Kuna chembe ndogo sana ndani ya sikio, zimehama mahali pake. Tunazirudisha."

Akasubiri, akanigeuza kichwa polepole kwenda kushoto, kisha mwili mzima kwa ubavu mpaka nikawa natazama sakafu, halafu akaniketisha. Aliponilaza tena kupima, dari ilitulia. Hakuniandikia hata kidonge.

Mchana huu nimelala chali kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kulala nimekaa, nimeegemea ukuta na mito yetu yote miwili. Ulidhani sioni ulivyokuwa unakunja koti lako na kuliweka chini ya kichwa chako. Nilikuwa naona.

Wabusu watoto. Wiki ijayo nashuka nyumbani Kirando. Mto wako niliokuja nao nimeufua, nakuletea.

Mama Anitha