Dawa ya Nyota

Jumatatu, 8 Septemba

Bluu asubuhi, nyeupe mchana. Fulana za jubilei ya kanisa bado ni mlima. Kazadi anachapa, mimi nasafisha fremu. Anasukuma wino juu ya kitambaa cha fremu kama mtu anayepaka mkate siagi, na herufi zinatua pale pale zinapotakiwa. Kijana ana mkono. Mimi naondoa wino uliobaki kabla haujaganda. Tambara na dawa ya nyota.

Jina tulilipa wenyewe. Kwenye bati kuna picha ya mtu mwenye nyota kifuani. Kazadi anasema ni alama ya ubora, kama nyota za hoteli kule Karavia. Basi ikabaki hivyo: leta nyota, mwaga nyota. Inanukia utamu kidogo. Haichomi pua kama diluant, ile dawa ya zamani ya kuyeyushia wino iliyotutoa machozi. Tunanawia hata mikono.

Mama Ngalula, mwenye karakana, alipita. Akiwa mlangoni akaona fulana moja ina herufi iliyopinda. Mlangoni! Mimi niliyekuwa nimeishika sikuona. Mwanamke yule ana macho ya kutisha. Sauti ndiyo usiseme, mtaa mzima wa Kampemba unajua leo tunachapa nini.

Sasa mimi. Nina mimba. Ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika mbali. Anayejua ni Déo mume wangu tu. Kwetu mimba haitangazwi, inangojwa mpaka tumbo liseme lenyewe. Midomo ya watu inaharibu. Hii sitaki kuipoteza. Naandika hapa, basi.

Jumatano, 10 Septemba

Upepo. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Tumefunga madirisha yote, maana vumbi likigusa wino mbichi fulana imekwenda. Halafu umeme ukakatika. Feni ikalala. Ndani tanuri tupu, na ile harufu tamu imejaa chumba. Kichwa kikaniuma, kuta zikaanza kuzunguka. Nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya ukuta.

Nikawaambia ni malaria. Hapa Lubumbashi ukisema malaria hakuna anayeuliza swali la pili. Kazadi akakimbia kuninunulia maziwa. Eti maziwa yanaosha tumbo, yanafukuza kila sumu, ndivyo wanavyofanya wapaka rangi wote wa mji huu. Nikanywa. Ana moyo mzuri. Maziwa hayakuosha kitu.

Alhamisi, 11 Septemba

Zahanati. Damu yangu ni kidogo. Vidonge vya kuongeza damu. Muuguzi akauliza nafanya kazi gani. Nikasema fulana. Akadhani nashona. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Bati jipya limekuja. La zamani maandishi yake yalishamezwa na wino, hakuna aliyewahi kuyasoma. Mchana wenzangu wakila bukari, ugali wetu, nikaketi na hili jipya mapajani. Nilimaliza sekondari, Kifaransa changu si cha kuomba.

Etha ya glikoli. Inawaka moto. Bati lifungwe vizuri. Mahali penye hewa. Mvuke usivutwe. Inapita kwenye ngozi. Halafu, kwa herufi ndogo kama sisimizi: peut nuire à la fertilité, peut nuire au fœtus. Inaweza kudhuru uzazi. Inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni.

Kumbe nyota si ubora. Ni kifua cha mtu kinachopasuka.

Na sisi tumeisifu kwa sababu ni ya upole! Ile kali ilikuwa inapiga kelele, tukaikimbia. Hii inaingia bila kubisha hodi. Mikono yangu imekuwa ikilowa humo tangu mwaka jana. Mimba mbili. Sijui kama ndiyo hii. Hakuna atakayejua. Nimeogopa vibaya. Nikanawa kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana.

Nikamwonyesha Kazadi. Akacheka. Kwake wazungu wanaandika hatari hata kwenye sabuni ya nywele.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefunga kidole bandeji, eti nimejikata. Nikapewa kukunja fulana. Naaibika kwa hila ya kitoto. Lakini nikisema siishiki dawa, wataniuliza kwa nini. Nikitaja kwa nini, jioni mtaa mzima unajua. Mama mkwe atalia. Kisha wataanza kuniangalia tumbo kila asubuhi, kama walivyoniangalia mara ya pili. Yale macho siyawezi tena.

Jumapili, 14 Septemba

Déo anasema niache kazi. Yeye anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Luano, siku nyingine ndege haiji na yeye anarudi mikono mitupu. Tuache kazi tule nini? Tukagombana. Akanipikia chai. Tukapatana.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku mbaya.

Jubilei ni Jumapili hii. Fulana nusu bado. Fremu zimerundikana zimeganda. Mama Ngalula akaja, akaangalia bandeji yangu kwa sekunde moja tu, akajua ni uongo. Akaniagiza fremu. Nikakataa. Akauliza sababu. Nikasema sina sababu.

Akaanza. Kwanza Kiswahili, kisha Kifaransa, kisha akarudi kwenye Kiluba cha wazazi wake waliotoka Kasai. Hapo ndipo unajua umekwisha. Hapa haiko kwa mama yako, Clarisse! Mbele ya watu wote. Nami nikajibu. Niliyoyasema ni haya tu: Mama, soma bati. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nimetembea mpaka nyumbani nikilia kwa hasira. Nadhani kazi imekwisha. Leo nimemchukia, na hilo naliandika kama lilivyo.

Jumanne, 16 Septemba

Nilirudi. Nilitaka kujua nimefukuzwa au la.

Madirisha yote wazi! Kwenye kila dirisha shuka lililoloweshwa maji, limetundikwa kama pazia. Vumbi linanasa kwenye shuka, hewa inapita. Mashuka yalishakuwa mekundu. Ni mashuka ya kitandani kwake, nilitambua maua. Kwa nini hakuna aliyewaza hivyo miaka yote hii? Bati lilikuwa nje, chini ya kibanda cha mabati, limefungwa, mbali na mbabula, jiko la makaa la mama anayetupikia.

Mama Ngalula akatukusanya. Miwani puani, uso umechoka. Hakuniangalia hata mara moja. Nayaandika maneno yake kabla sijayasahau:

“Minasema na bote. Hii dawa inapita mu ngozi, inaingia mu damu. Anza leo mutu hata moja asiikamate. Fremu, ni miye moja njo nitasafisha. Miye nilishaka kufunga duka, haina kitu ya kunikamata tena.”

Watu wakacheka, maana umri wake wa kuzaa umepita. Kazadi akauliza wanaume wanahusikaje. Mama akamsogezea bati mpaka puani. “Soma hapa: fertilité. Uko naoa mwezi ya Desemba, ao ulishaka kuacha?” Kazadi akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Tulicheka mpaka machozi. Mimi machozi yangu yalikuwa mengine.

Hakuuliza ni nani. Hakuuliza kwa nini nilikataa. Aliiondoa dawa mikononi mwa watu wote ili asimwulize mmoja. Hata anayenichungulia tumbo leo hana pa kuanzia. Sijawahi kuona akili ya namna hii. Na mimi jana nilimchukia! Nilipotaka kumwomba radhi akanikata, akanituma kukunja fulana.

Alhamisi, 18 Septemba

Anasafisha fremu mwenyewe, nje, upepo ukimpita ubavuni ili mvuke uende zake. Mwanamke mwenye karakana, aproni kiunoni, jasho linamtiririka. Kwanza alijaribu zile glavu nyembamba za hospitali. Akazichovya tu, zikalegea na kuvimba kama ngozi ya maziwa. Akazitupa, akapanda pikipiki mpaka duka la vifaa vya migodi, akarudi na glavu nene zinazofika kiwikoni. Akaziokota zile za kwanza, akatuonyesha zote mbili.

Anasafisha polepole. Hajazoea. Fulana hazitakwisha.

Jumamosi, 20 Septemba

Mchungaji amekuja na wazee wa kanisa. Mama Ngalula akawaambia ukweli: kwaya watavaa kesho, waumini watapata wiki ijayo. Lo! Walimpaka matope. Hana neno, hana adabu, Mungu atamlipa. Mimi nilikuwa nyuma ya meza, fulana mkononi. Nilijua neno moja tu lingemwokoa. Angesema kuna mfanyakazi aliyegoma. Ni kweli, tena wangemwelewa.

Huyu anayemjibu hata askari wa barabarani, leo aliinamisha kichwa, akameza yote. Hakutaja mtu. Walipoondoka akampigia Kazadi kelele kwa sababu ya herufi moja, na kelele yenyewe haikuwa na nguvu.

Nampenda mwanamke huyu. Basi.

Jumanne, 7 Oktoba

Wino wa maji ulifika wiki iliyopita kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Hauhitaji nyota, fremu inaoshwa kwa maji na sabuni. Lakini una visa vyake. Kwa joto hili unaganda kwenye kitambaa kabla hujageuka. Kazadi ameulaani wiki nzima. Sasa amegundua namna: anapulizia maji kidogo kila fulana kadhaa, na hasimami hata kupiga chafya. Herufi zimerudi kutulia. Nilisema ana mkono.

Dawa iliyobaki Kazadi alitaka kuimwaga mferejini. Mama Ngalula alilidaka bati hewani. Chini ya mtaa watu wanachota maji ya kisima. Amelirudishia duka lililotuuzia, na duka halikutaka, na alikaa pale mlangoni mpaka likataka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Zahanati. Damu imepanda. Kichwa hakiumi siku hizi. Safari hii nilimweleza muuguzi kazi yangu, yote, hata kunawa mikono. Akasema hawezi kuniahidi kitu. Najua. Sijawahi kufika mbali hivi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Manyunyu ya kwanza. Vumbi limelala, mashuka yameondolewa madirishani. Tunachapa vitambaa vya harusi ya Kazadi, maua ya kijani.

Asubuhi nilikuwa nimesimama mezani. Kitu kikacheza tumboni, kidogo sana, kama kidole kinachogusa nguo kwa ndani. Nikafikiri nimejidanganya. Kikarudia. Mkono wangu ukaenda pale wenyewe.

Mama Ngalula alikuwa mbele yangu anamgombeza Kazadi, eti kijani chake ni cha uji wa mgonjwa. Akaona mkono. Nilijua ameona. Hakuacha kugomba, hakupunguza sauti, hakunitazama usoni. Alinyoosha tu mguu wake chini ya meza, akakivuta kigoda, akakisukuma mpaka kikagusa miguu yangu.

Nikaketi.