Wiki Mbili Zilizomshinda Mwalimu wa Hesabu

Kwa Mwalimu, baba wa mtoto wangu,

Sikuulizi hali. Habari zako ninazo, umenitumia mwenyewe tangu Ijumaa, jumbe kumi na moja, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: bado? Bado, Mwalimu. Tarehe niliyopewa kliniki imepita siku tano, na mtoto ametulia humo ndani kama mtu aliye kwake. Nakujibu kwa barua kwa sababu ujumbe mfupi haunitoshi, na nikimaliza nitaipiga picha niiweke kwenye kikundi cha simu cha wapangaji wa ploti yetu hapa Kawangware. Hujawahi kujitoa kwenye hicho kikundi, sijui unangoja nini huko. Uliniaibisha mbele ya hao watu, kwa hivyo wacha na wao wasome.

Nianze na mazuri, nisionekane nina roho mbaya. Ulikuja Kenyatta Market na dada yako, anataka kusukwa nywele za mahafali. Ukakaa kwenye benchi letu saa tano nzima ukisahihisha vitabu vya wanafunzi, na mimi nikisuka. Dada yako aliposimama, ukaniambia nimetengeneza mistari arobaini na miwili. Miaka tisa nilikuwa nimesuka vichwa vya watu na hakuna aliyewahi kuhesabu. Mimi mjinga nikadhani mtu anayehesabu mistari ya mkono wangu ameniona. Wiki iliyofuata ukarudi peke yako, tukala nyama choma pale pale sokoni, ukagawanya vipande sawa kwa sawa juu ya ubao, na kile kimoja kilichobaki ukakisukuma upande wangu. Nilikwenda nyumbani nikicheka peke yangu barabarani. Kwa kipande kimoja cha mbavu, Mwalimu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa rahisi.

Halafu zile Jumapili za kunitembeza Muthangari kwa matajiri kunionyesha mageti ya nyumba unazofundisha tuisheni. Hapa nafundisha aljebra, hapa nafundisha jometri, hapa huyu mtoto alikuwa wa mwisho sasa ni wa tatu. Hatukuingia hata geti moja, tulisimama nje kama watu waliopotea njia, lakini nilikuwa nimeshika mkono wako na nilijiona nina mume wa maana. Tulipoanza kuishi pamoja, nilikuita Mwalimu hata chumbani. Ulipenda sana hilo.

Ukapata kandarasi ya kufundisha Lodwar, miezi mitatu. Ukarudi Jumamosi, umeungua jua, umekonda, umeniletea kikapu cha ukindu ambacho bado naweka vitunguu. Hiyo Jumamosi naikumbuka vizuri kuliko wewe. Hukunisumbua na hesabu siku hiyo.

Basi nikashika mimba, tukaenda kupigwa picha ya tumbo, daktari akasema wiki nane. Tulipofika nyumbani ukatoa kalenda ya bucha ukutani, ukaiweka juu ya meza, ukachukua ile kalamu yako nyekundu. Nilisimama nyuma yako nikikuona ukizungushia tarehe, moja baada ya nyingine, pole pole, kama unayemwandikia mwanafunzi alama ya kufeli.

"Mimi nina wiki sita na nusu tangu nirudi," ukasema. "Hii nane imetoka wapi?"

Kwetu hakuna aliyewahi kuniketisha kunieleza mimba huhesabiwa vipi, na hii ilikuwa ya kwanza. Nikasema pengine mashine imekosea. Nikasema pengine daktari hajasoma vizuri. Kila nililosema lilinifanya nifanane zaidi na mwongo, na wewe ukanitazama kwa kile kitabasamu cha mwalimu aliyemshika mtoto akiibia mtihani. Hukupaza sauti. Ungenipigia kelele ningekuheshimu kidogo.

Jumapili iliyofuata mchana, watu wote wakianika nguo, ukatoka na begi lako ukasimama katikati ya ploti. Ukawaambia majirani wasikuone vibaya. "Mimi sina ubaya na mtu," ukasema. "Lakini hesabu haidanganyi." Wakakubali kwa vichwa. Mama Brayo wa chumba cha pili, ambaye mwaka mzima tulikuwa tunakopeshana chumvi, akaondoa ndoo yake karibu na mlango wangu kama vile tabia zangu zinaambukiza. Ni nani angebishana? Si umesoma wewe, si ndiwe unayefundisha watoto wa wakubwa.

Na sasa nikuambie ninachojidharaulia mimi, maana dharau yote si yako peke yako. Nilikufuata hadi getini nikakuomba msamaha. Niliomba msamaha kwa jambo ambalo sikulifanya. Na ulipokwisha kwenda, kuna siku nilikaa kitandani nikipitia ile miezi mitatu yako ya Lodwar, siku kwa siku, nikijiuliza kama labda nililala na mwanamume nikasahau. Mtu mzima, akili timamu! Hapo ndipo uliponifikisha na kalamu yako.

Mwezi uliofuata nilikwenda kliniki nikamuuliza Sista anayetupima, kwa sauti ya chini, kama ninayeuliza habari za mwizi. Nikamwambia mume wangu alirudi tarehe fulani na wiki ziko hivi. Alicheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku mwanamume alipoingia nyumbani. Wiki mbili za mwanzo hakuna mimba yoyote, ni hesabu tu imeanza. Toa mbili kwa nane.

Sita, Mwalimu. Hata wale wa darasa la kwanza wangeweza.

Kila mwanamke kwenye ile foleni alilijua hilo, hata kile kisichana chenye sare ya shule chini ya sweta. Nikacheka na Sista, halafu nikalia, halafu nikakuandikia ujumbe mrefu nikakueleza yote, nikijua jioni utakuwa mlangoni. Ukanijibu kwa maneno matatu: "Usinifundishe hesabu, tafadhali." Na tafadhali juu yake! Kweli mama yako alikulea na adabu. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi kazi yangu ni vichwa, na upara nikiuona naujua.

Miezi ikaenda. Nilisuka nimesimama hadi miguu ikafura, kisha nikasuka nimeketi, na Njoki, tunayetumia naye kibanda, akawa ananiinulia vichwa vya wateja kwa mito. Sasa nimeacha kazi, kazi yangu ni kungoja. Kila mtu ana dawa yake ya kuanzisha uchungu. Kula nanasi. Panda ngazi. Piga deki ukiwa umepiga magoti. Njoki anasema nicheze muziki wa injili kwa nguvu mtoto asikie atoke ashangilie. Mimi natembea tu. Kila asubuhi natoka hapa Kawangware hadi Muthangari na kurudi, napita mageti yako yote ya aljebra, na askari wa pale wamenizoea. Wananiuliza, mama, bado? Nikisema bado wananiambia Mungu ana saa yake. Bado yao hainiumi.

Sista amesema nisiwe na wasiwasi. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, maji yapo ya kutosha, na kama uchungu hautakuwa umeanza kufikia Jumatatu, watanianzisha kwa dawa. Ameshauri nimwache aje mwenyewe ikiwezekana. Nami nimekubali, kwa sababu nimechoka na watu wanaompangia huyu mtoto tarehe.

Nikufikie wewe. Usidhani sijui umeamshwa na nani. Mama yako alinipigia simu Alhamisi kutoka Vihiga. Kumbe miezi yote hii ulikuwa umemwambia nimekutoroka. Aliposikia kwa dada yako ukweli wa mambo, akakuuliza ulirudi lini kutoka Lodwar, akahesabu kwa vidole, akakutukana kwa Kiluhya hadi vidole vikaisha. Mimi akaniambia, "Mwanangu, huyo mtoto ni wetu. Mimi nimezaa saba bila kalenda." Nililia kwenye simu na sikuona haya. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini wewe umefunzwa na mamako ukiwa na miaka thelathini na sita, na baada ya ulimwengu kushindwa.

Basi Ijumaa ukaniandikia. Ukasema: "Nimekusamehe. Turudiane."

Umenisamehe! Nilimsomea Njoki akaweka kitana chini, akaniomba nirudie. Umenisamehe nini, Mwalimu? Wiki mbili ambazo hukuzijua? Nilingoja miezi saba neno moja tu kutoka kwako, nimekosea, na neno lenyewe si refu. Kisha ujumbe wa pili ukafuata kabla sijapoa: niwaombe hospitali wanianzishe Jumamosi, kwa sababu siku za kazi una masomo, na jioni una tuisheni, na ungependa kuwepo. Tumbo hili si kipindi cha ratiba yako.

Lakini nitasema na hili, hata kama ploti nzima inasoma. Mtoto akigeuka usiku au mchana, mkono wangu bado unatafuta simu nikuambie. Nakudharau na bado nakutamani ukae hapa kwenye hiki kiti. Jambo hili limeniudhi sana, na sijui dawa yake.

Niliacha kuandika kwa muda wa karibu saa mbili. Sasa narudi, na mwandiko umepinda, utanivumilia. Nilipotoka kutupa maji ya kufulia kiuno kikakaza, nikasimama. Kikaachia. Kikakaza tena. Leo ni Jumanne, saa tano asubuhi, bila nanasi na bila dawa. Mama Brayo ndiye aliyeniona nimeshika ukuta, na ndiye amenikamata mkono. Hakusema kitu kuhusu ile ndoo, lakini ameita gari, na analia yeye kuliko mimi. Njoki anatungoja hospitalini. Nilipoulizwa kliniki ni nani wa kupigiwa simu siku ikifika, niliandikisha jina lake.

Wewe wakati huu uko darasani, na sikuiti. Wakiniuliza baba wa mtoto ni nani, nitataja jina lako lote, kwa sababu ni kweli, nami sijawahi kusema uongo katika jambo hili. Tukitoka hospitalini utakuja, utabisha hodi, utanawa mikono, utampakata mwanao. Sitamnyima baba. Mume ndiye sina.

Ila ipo siku atakuwa mkubwa, na mtoto wako lazima atakuwa wa maswali. Atakuuliza siku aliyozaliwa ulikuwa wapi. Nitakuwa nimeketi hapo hapo karibu, Mwalimu, na nitanyamaza nikusikilize.

Gari limefika.

Mama wa mwanao