Wageni wa Julai

Kaunas, 3 Juni 2002

Mama mpendwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na yule kuku mkorofi bado anataga kwa jirani? Mimi mwili mzima, moyo ndio haupo. Mimba imetoka, Mama. Miezi mitano, alikuwa wa kike. Darius kutwa yuko kazini, mke na mume hatusemezani. Nataka kuja Julai nilale chumbani kwangu, nisikie misonobari, na wewe uwe karibu. Siombi kingine.

Binti yako,
Jolita

Palanga, 12 Juni

Jolita wangu,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule, kuku nimeshamla supu. Pole, mwanangu, pole sana. Nimelia nikipiga pasi mashuka, ikabidi niyafue tena. Nami nilipoteza mmoja kabla yako, kesho yake nikaamka kutandika vitanda. Kazi inasahaulisha.

Lakini Julai, jamani! Chumba chako cha Julai wameshakilipia wageni wa Vilnius tangu majira ya baridi, na mimi mwenyewe nalala jiko la uani na mitungi ya matango. Unajua kiangazi ndicho kinachotulisha mwaka mzima. Njoo Septemba, bahari ikiwa yetu, nikupikie supu baridi ya bitiruti. Vumilia, siku hazigandi.

Mama yako

Palanga, 21 Julai

Mama,

Najua u mzima, maana nimekuona. Niko hapa hapa Palanga, nimepanga chumba kwa Bi Genovaitė nyuma ya kanisa, mgeni kama wageni wengine.

Jana nilikuja mpaka getini kwako. Nimekonda, nywele nimekata, nilivaa kofia na miwani ya jua. Ulikuwa unaanika mashuka. Dirishani kwangu mtoto wa watu anachezea pazia. Sijafungua mdomo, ukasema, "Vyumba vimejaa, kipenzi. Jaribu kwa jirani." Kwa upole kabisa, kama unavyowaambia wote. Nikashindwa kusema ni mimi.

Jioni nikasimama gatini, juu ya bahari, na umati unaoliaga jua. Lilipozama wakapiga makofi, mimi nalia, hakuna aliyeniuliza. Leo narudi Kaunas. Septemba usiningoje.

Jolita

Kaunas, 24 Julai, kwenye ngazi zako

Mwanangu,

Leo sina uso wa kukuuliza hali. Barua yako imenikuta nawakaangia wageni mayai. Nimewaachia kikaango na funguo, nikapanda basi na aproni yangu.

Namkumbuka yule mwanamke wa kofia. Nilijisemea, maskini, huyu naye amechoka, nikarudi kwenye mashuka. Mama gani asiyemjua mwanawe?

Nimegonga, nimeita. Nimesikia redio ikizimwa, hatua zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Basi langu la kurudi limeondoka, na liende. Naandika juu ya goti, karatasi nitaisukuma chini ya mlango.

Sasa nakusikia unalia, Jolita, nami siwezi kukushika. Kama moyo haujataka, usifungue. Ila usilie peke yako, mwanangu. Kaa hapo hapo chini, nami nimekaa.

Mama yako