Kizibo, Jina Lako Bado Linaitwa

Vudee, Same
Agosti 1988

Kwa mjukuu wangu Eliufoo, mume wangu wa utani uliyenitoroka,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hukuileta, maana nimekaa na marahaba yako mdomoni miaka yote hii na sasa imenichosha. Mimi sijambo. Miguu inauma asubuhi, ikipata jua inaacha. Macho yanaona karibu, ya mbali yanakisia. Meno usiniulize. Wewe hali yako sikuulizi bado, kwa sababu nikianza kukuuliza nitaanza kukugombeza, na mwalimu wetu wa kisomo alitufundisha kwamba barua haianzi na ugomvi. Basi pokea salamu kwanza. Shangazi yako Raheli wa Arusha anakusalimu. Jirani zetu wanakusalimu. Yule mbuzi mweupe aliyekuwa anakula kofia yako angekusalimu, lakini alikufa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nilijifunza nikiwa na mvi tayari, na herufi zangu ni kubwa kama za kibao cha duka, lakini hakuna mtu aliyenishikia kalamu wala kunitilia neno. Kwa hiyo utakapochomwa mahali usitafute wa kumlaumu. Ni mimi.

Habari za huku ni hivi. Zile siku za kupanga foleni ya sukari na kufulia majani ya mpapai zimepita. Sasa ukishuka Same stendi unakuta kila kitu: sabuni za rangi zote, khanga, redio, makoti ya mitumba ya watu wa nchi za baridi. Vipo, na sisi tupo, tunatazamana. Lile shamba la mkonge lililokuajiri uwakatie majani asubuhi na kuwachezea mpira jioni limebaki na watu wachache. Mkonge umetoa yale maua yake marefu na hakuna wa kuukata. Wenzako wa timu wametawanyika, wengine wamerudi kwao Songea, wengine Tabora. Uwanja wenu mbuzi wanalala golini.

Lakini mashabiki wako hawakutawanyika. Hilo hulijui, ndiyo maana nakueleza. Kila Jumapili baada ya kanisa wanapanda kuja hapa kwangu, wanakaa kwenye benchi ulilolipigilia misumari vibaya, na kazi yao ni moja tu, kukusema wewe. Kiongozi wao ni Wilbard, fundi baiskeli. Na Omari, yule Mwislamu wa pale Same anayeuza mitumba, naye hupanda, ingawa Jumapili si siku yake na mlima huu si wake. Nawapakulia makande, wanakula kama watu walioalikwa.

Ungewasikia, ungecheka. Omari hushikilia kwamba katika maisha yako hukuwahi kumpiga mtu teke. Wilbard humjibu kwamba ulimpiga mmoja, yule mshambuliaji wa timu ya reli, ila ulimpiga kwa adabu, ukamwinua, ukamfuta vumbi, ukamuuliza kwao ni wapi. Hapo wanaanza kubishana, watu wazima wenye wake, mmoja anasimama uani kwangu kuonyesha ulivyokuwa ukinyoosha mguu wa kushoto, na kuku wanakimbia. Kisha wanaimba ule wimbo wao, Kizibo ziba, Kizibo ziba. Mwanzoni jina hilo sikulipenda. Nilimwambia Wilbard kwamba mjukuu wangu ana jina la ubatizo, si kizibo cha kibuyu. Akanieleza kwamba si cha kibuyu, ni cha ndiva, kile tunachoziba nacho bwawa letu jioni ili maji ya mfereji yajae hadi asubuhi, na hata tone halipiti. Nikamwongezea makande. Kumbe walikuwa wamekupa jina la heshima na mimi nawatukana.

Wakiondoka, Eliufoo, hapo ndipo pabaya. Naosha mabakuli mengi, halafu sufuria inabaki na ya kwangu peke yangu, na sijawahi kujifunza kupika makande ya mtu mmoja. Nakula yale yale mpaka Jumatano. Naongea na kuku. Wiki iliyopita nilimgombeza jogoo kwa kosa lako.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Unajua msaragambo. Au umejifanya umesahau, basi nakukumbusha. Pembe ikilia kutoka kule kwa kina Wilbard, kila nyumba yenye zamu ya maji inatoa mtu na jembe, tunakwenda kuzoa tope la ndiva na kushindilia ukingo. Mzee Nathanaeli, msimamizi wa ndiva, husimama juu ya jiwe akaita majina, yote yako kichwani mwake, hana karatasi. Shamba hili babu yako Hezroni alikuachia wewe, kwa hiyo jina linaloitwa ni lako. Eliufoo wa Hezroni!

Mara ya kwanza baada ya wewe kuondoka nilikuwa ukingoni na wanawake, nimeleta uji. Nathanaeli akaita jina lako. Nikainama, maana nilijua kitakachofuata ni kimya. Nikasikia sauti ya mwanamume: Yupo! Nikauachia mtungi wa uji ukamwagika wote, nikaanza kukutafuta kati ya vichwa vile. Sikukuona. Nilimwona Wilbard amesimama kwenye kipande chako, anachimba. Alimaliza cha kwako, akahamia cha kwake, wenzake wakiwa wameshakaa wanakula.

Tangu siku ile wanapokezana. Akiugua Wilbard, anaitikia mwingine wa benchi langu. Hata Omari aliwahi kupanda na jembe la kuazima akaitikia Yupo, na lafudhi yake ile ya tambarare, watu wote wakainamisha vichwa wasicheke. Nathanaeli si kiziwi. Anajua sauti ya kila mtu wa mlima huu. Alikuwa anaendelea tu na jina linalofuata.

Mwaka huu imeshindikana. Ndiva inajengewa ukingo mpya, na wako walionung'unika kwamba nyumba ya Hezroni inakunywa maji kwa jasho la watu wa mpira. Nathanaeli alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akasema kwa aibu kwamba kikao kimeamua: katika msaragambo ujao mwenye jina aitikie kwa mdomo wake. Asipoitikia, zamu yake inapewa nyumba nyingine. Nilimwambia alivyosimama mlangoni pangu anafanana na kunguru. Lakini sikuweza kumwambia kwamba amekosea.

Bila ile zamu migomba inakauka, maharage yanakauka, na mimi nitachukuliwa na Raheli kwenda Arusha, kwenye chumba ambamo maji yanatoka ukutani na jirani hajui jina lako. Raheli ana moyo mzuri. Lakini mimi nataka kufa mahali ninapogombana na watu ninaowajua.

Utasema uko mbali. Ulituma neno kwamba uko Zambia, umepata kazi, ukirudi unarudi na mabati. Nilitangaza kanisani. Watu wakanipongeza.

Eliufoo, wewe hupo Zambia.

Nimejua tangu mvua za vuli. Omari alikuwa akiniletea samaki wakavu, perege, kila mara, akisema ni zawadi ya mashabiki. Nilikula bila kuuliza, mzee hapewi samaki akaanza maswali. Mpaka siku moja nikawa nafungua ile kamba waliyotungiwa, haifunguki, nikasogea juani kuitazama vizuri. Fundo lilikuwa la babu yako. Lile la kupitisha kamba nyuma mara ya pili, alilokufundisha ukiwa mdogo kwa kufungia majani ya ng'ombe, na ulilia kwa sababu vidole vilikuwa vifupi. Mlima mzima hakuna mwingine anayelifunga. Omari alipokuja tena nilimshikia ile kamba mbele ya pua. Mtu anayeuza makoti mchana kutwa, mdomo haufungiki, siku hiyo alilitua furushi lake la mitumba. Kisha akakaa chini akaniambia yote.

Aliniambia uko Jipe, ziwani, unatunga samaki wa watu wengine. Unajiita Bahati. Goti la kulia halikunji tena, hakujua uliliumizia wapi, unakaa umelinyoosha. Yeye alikwenda huko kwa biashara zake, akaona mtu mwenye kofia ameinama, hakumtambua. Watoto wakapiga mpira wao wa matambara ukamjia, na yule mtu, bila kuinua macho, akatoa mguu wa kushoto, mpira ukafa pale pale. Omari alisema nywele zilimsimama. Alitaka kupiga kelele Kizibo! Lakini wewe ulivuta kofia ukafunika uso, naye akaelewa. Akanunua samaki akaondoka.

Alipowaeleza wenzake, walikubaliana wakae kimya mpaka utakapotaka kuonekana mwenyewe. Lakini kukaa mbali hawakuweza. Wanakwenda kwa zamu, Eliufoo, mmoja baada ya mwingine, hadi Kifaru kwa basi na ziwani kwa baiskeli, kununua samaki wasiowahitaji, ili wasimame kidogo karibu yako wakutazame. Kama walivyokuwa wakilipa kiingilio. Mke wa Wilbard amechoka, anasema nyumba yake inanuka kama mtumbwi. Wale wateja usiowainulia macho, wanaochagua samaki kwa muda mrefu na kuuliza bei mara mbili, ni mashabiki wako.

Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Zambia! Na mimi nimekutangaza kanisani! Nilikuita majina ambayo siyaandiki. Halafu hasira ilipokwisha nilijua unachokificha si goti. Magoti ya watu wengi hayakunji. Unaficha lile goli.

Basi nakuambia leo, maana naona hakuna aliyewahi kukuambia. Siku ile nilikuwepo uwanjani Same, mara yangu ya kwanza na ya mwisho. Sare tu ingewatosha, mpira ulikuwa unakwisha, yule kijana wa Tanga akachomoka peke yake na wewe ukawa mbele yake. Wilbard alikuwa ameiba pembe ya msaragambo ya baba yake, kama kawaida yake, akiipulizia mpira kwa ule mlio wa kuchezea. Alipomwona yule kijana anakujia, pumzi ilimkatika kwa woga, na pembe ikalia yenyewe ule mlio mwingine. Mfupi mfupi, bila kituo. Ule wa ndiva imepasuka.

Na wewe ukasimama, ukageuza uso kutazama mlimani. Kijana wa Tanga hakujua pembe ni nini. Akapita, akafunga.

Watu wa shamba la mkonge walikutukana, waliotoka mbali, wasiojua. Ukaondoka uwanjani umeinamisha kichwa, na baada ya muda ukaondoka kabisa. Miaka yote hii unadhani uligeuka peke yako.

Mpumbavu wewe. Tuligeuka wote. Mimi niligeuka. Nathanaeli alikuwepo, aligeuka. Wanawake walishasimama wamejifunga khanga viunoni tayari kukimbia. Wapare wote wa uwanja ule walikuwa wameupa mpira mgongo wanatafuta tope linashukia upande gani, nyumba ya nani. Hukutuona kwa sababu na wewe ulikuwa unatazama mlimani. Aliyeliona goli ni Omari na wageni wenzake, na Omari ndiye anayelisimulia Jumapili. Husema alikodoa macho akidhani kumetokea miujiza, upande mzima wa uwanja migongo mitupu, na mchezaji wao mmoja naye kawapa adui mgongo pamoja nao. Husema hapo ndipo alipokupenda. Wenzake hawabishi. Ni kisa pekee wasichobishania.

Wilbard tangu siku ile hajaipuliza pembe. Amemwachia ndugu yake. Hajawahi kukuomba radhi kwa sababu kila alipofika Jipe ulivuta kofia.

Sasa usiivute. Ni yeye aliyekuletea barua hii, na unapoisoma amesimama mbele yako, na namjua, hajui mikono aiweke wapi. Mwambie akae. Amekuja na baiskeli, nimemwagiza afunge kiti kipana nyuma ili mguu wako upate pa kunyooka. Njia ya kupanda kutoka Same atakusukuma, ameshasema.

Jembe usijali, benchi langu lina mikono ya kutosha. Goti hilo halitakiwi kuchimba. Linatakiwa kukaa ukingoni karibu na uji wangu, na mdomo ulio juu yake uitike. Nathanaeli akiita Eliufoo wa Hezroni, sitaki kusikia sauti ya Wilbard tena. Nimeichoka.

Mabati sitaki. Nyasi za babu yako bado hazivuji, isipokuwa upande mmoja, na chini ya upande huo nimeweka beseni.

Nisalimie wenye samaki wako, uwaambie asante kwa kukutunza, na uwaambie jina lako. Salamu za Raheli nimeshazitoa juu. Kuku hawajambo. Nitapika makande ya sufuria nzima, kama kawaida.

Ukifika uani toa shikamoo kwa sauti, masikio yangu nayo yamezeeka. Marahaba nimeshakutangulizia mwanzoni mwa barua, lakini nitaitika tena.

Ni mimi bibi yako na mkeo wa kwanza,

Lukia wa Hezroni