Mtuhumiwa wa Thelathini kwenye Ubao wa Malengo

KAMATI YA TATHMINI YA UTENDAJI WA KITUO CHA POLISI
Kikao cha nne, Jumatatu, saa 3:00 asubuhi, chumba cha ubao wa malengo.

Kumbukumbu hizi zimeandikwa na Katibu, konstebo wa kaunta, ambaye shule aliiacha ikiwa bado inamhitaji, na ambaye hakimu akisoma mwandiko wake husahau kuhukumu.

WALIOHUDHURIA: Mkuu wa Kituo (Mwenyekiti), Sajini wa upelelezi, Koplo wa mahabusu, maarufu Mama Funguo, Katibu.
HAKUWEPO: Dereva. Gari limegoma, naye kaliunga mkono.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akimtaka Katibu apunguze mbwembwe. Ombi lilipokelewa.

KUMB. NA. 2/4: LENGO LA MWEZI ULIOPITA
Mwenyekiti alieleza kwamba lengo la kukamata watu 30 limetimia. Alikumbusha kwamba kila lalamiko lisilopatiwa ufumbuzi hukata alama mbili, na wakaguzi wanakuja Ijumaa: tukifaulu anapanda cheo, tukifeli anakwenda kulinda maghala.

Sajini alisema 29 anawajua kwa sura, wa thelathini hamjui. Katibu alifafanua kwamba huyo alimwandika mwenyewe siku ya mwisho wa mwezi, nafasi moja ikiwa bado wazi: "Mwanamume, shati la kijani, kovu chini ya sikio la kushoto, uzururaji." Hakukamatwa mtu. Wajumbe walicheka, isipokuwa Sajini, ambaye hucheka kwa kibali.

KUMB. NA. 3/4: IDADI YA MAHABUSU
Koplo alilalamika kwamba waliobaki ndani ni sita, ila siku nne mfululizo akisoma orodha asubuhi, sauti zinazoitika ni saba. Akifika namba thelathini, anasikia, "Nipo, afande."

"Umechoka, mama," Mwenyekiti alimwambia.

"Sijachoka, mkuu. Wenzake wanamwachia nafasi ukutani. Nimewauliza kwa nini, wanasema analalia ubavu mmoja, mwingine unamuuma."

Mwenyekiti aliamua kwamba anayeitika ahesabiwe, kwa kuwa inalingana na ubao.

KUMB. NA. 4/4: MAMA ALIYEFIKA KAUNTA
Kikao kilikatizwa na mama mmoja aliyekuwa akimtafuta mwanawe. Shati la kijani. Kovu chini ya sikio la kushoto. Siku ya mwisho wa mwezi aliaga anakuja hapa kituoni, hajarudi.

"Wanangu, kama kakosa kakosa. Nionyesheni tu."

Sajini alipendekeza maandishi yafutwe na kijana aanze kutafutwa leo hii. Mwenyekiti alikataa: akifutwa tunabaki 29, na akiandikwa amepotea ni lalamiko. Iliamuliwa mama aambiwe mwanawe yuko mikononi mwa polisi. Mama alitushukuru mmoja mmoja, akakaa kwenye benchi kumsubiri.

KUMB. NA. 5/4: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 4:25.

Mwenyekiti: amesaini.

Katibu: kabla ya kusaini anaongeza hili. Kovu lile sikulibuni. Kijana alikuja kaunta jioni ile, akaniambia, "Kaka, kuna watu wawili wananifuata." Nikachungulia dirishani, nikawaona wamesimama ng'ambo ya barabara. Lalamiko lake lingetukatia alama mbili. Nikamwambia arudi kesho, mwezi mpya. Alipogeuka kutoka nilimtazama vizuri, nikachukua kalamu.